Maswali ya Wasomaji: Mradi Umezidi Bajeti, Wadau Tuwaambie Nini?

Safari hii tumekusanya barua nne kutoka mwambao wa kaskazini, kuanzia Tanga hadi Bagamoyo. Zote zinazunguka jambo moja: hela haikutosha, mkutano umeshaitishwa, na aliyeshika daftari hajui aanzie wapi. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu aliyeiandika ametuma mchanganuo wake wote, namba kwa namba. Bila mchanganuo, jibu lolote lingekuwa nasaha tu.

SWALI: Kamati yetu inasimamia mradi wa kisima na pampu ya sola katika kijiji cha mwambao, kusini mwa Tanga mjini. Bajeti tuliyoandika Februari 2023 ilikuwa shilingi 86,000,000, ikiwemo akiba ya dharura ya 5,000,000. Sasa kumaliza kunahitaji 108,950,000. Kisima cha kwanza kilitoa maji ya chumvi, tukachimba cha pili mbali na bahari. Dola ilipanda. Mtaro ulikutana na mwamba. Shule nayo ikaomba kituo chake cha kuchotea maji. Waliochangia ni wanakijiji, vijana wetu wa Dar es Salaam na Oman, na mfadhili mmoja. Mkutano ni mwezi ujao na wazee wameshaanza kusema hela imeliwa. Tuwaelezeje?
*Katibu wa kamati, Muheza*

JIBU: Ndugu Katibu, kabla ya maelezo, sahihisheni namba mnayotaka kuisema. Katika mchanganuo mliotutumia mmeandika kwamba mradi umezidi kwa 22,950,000. Hiyo ni tofauti ya jumla mbili, na ndani yake dharura ya 5,000,000 imeshamezwa kimyakimya. Mzee mmoja akijumlisha sababu zenu atapata 27,950,000, kisha atauliza milioni tano ziko wapi, na mkutano wote utakwenda huko. Tajeni 27,950,000 kwanza, halafu toeni dharura mbele ya macho ya watu. Kwa namba mlizotutumia, hesabu inakaa hivi:

Kisima cha pili: mita 48 kwa 180,000 ni 8,640,000, pamoja na upimaji mpya 1,500,000 = 10,140,000
Bomba la ziada hadi kisima kipya: mita 700 kwa 9,500 = 6,650,000
Pampu, paneli na inveta: dola 9,000, kutoka 2,330 hadi 2,620 kwa dola = 2,610,000
Kuvunja mwamba kwenye mtaro: mita 600 kwa nyongeza ya 4,500 = 2,700,000
Kituo cha shule 1,800,000 na bomba lake mita 300 = 4,650,000
Mlinzi na stoo kwa miezi 2 ya kuchelewa: 600,000 kwa mwezi = 1,200,000
Jumla 27,950,000, toa dharura 5,000,000, pungufu 22,950,000

Tazameni sasa namba hizi zinavyosema mambo tofauti. Bomba limezidi kwa sababu wingi umeongezeka. Bei ya mita ni ileile 9,500. Pampu imezidi kwa sababu bei imepanda. Pampu ni ileile moja. Watu wakisikia neno moja tu, "vitu vimepanda", wanakwenda dukani kuuliza bei ya bomba, wanaikuta haijapanda, na kuanzia hapo hawaamini hata lile la dola ambalo ni kweli. Kila mstari uandikieni kando yake: bei, wingi, kazi mpya, au kosa letu.

Ndiyo, kosa letu. Mwamba wa matumbawe haukuwa siri katika pwani ya Tanga. Kama mchanganuo ulikadiria mtaro wote kwa bei ya kuchimba udongo, aliyekadiria hakutembea njia ya bomba akiwa na mtaimbo. Semeni hivyo wenyewe: milioni 2.7 ni makadirio yetu yaliyopunjwa. Mkitanguliza kukiri hilo, lile la chumvi linasikilizwa. Mkilifunika, fundi aliyechimba mtaro yuko kijijini na atalisema yeye.

Kituo cha shule kina matatizo yake. Hicho si kuzidi kwa bajeti hata kidogo. Ni kazi mpya ambayo mtu aliiomba na mtu mwingine akaikubali. Tafuteni muhtasari wa kikao kilichoikubali, tarehe, na kama gharama ilitajwa siku hiyo. Kama upo, usomwe. Kama haupo, usitengenezwe leo kwa tarehe ya nyuma. Semeni kazi ilikubaliwa kwa mdomo bila gharama, na kwamba tangu sasa hakuna nyongeza itakayoanza bila karatasi yenye kazi yenyewe, bei yake, siku zitakazoongezeka na sahihi mbili.

Dola ni rahisi kuithibitisha. Chapeni karatasi mbili za viwango vya benki, ya siku mliyoandika bajeti na ya siku mliyolipia pampu. Ziwe za kiwango ambacho benki huuzia dola, kwa sababu ndicho mlichonunulia. Kati ya mwanzo wa 2023 na katikati ya 2024 shilingi ilishuka kutoka kwenye 2,300 na kitu hadi zaidi ya 2,600 kwa dola, na kila mwenye duka la vifaa anakumbuka. Msiongeze hapo habari za mafuta kama hazimo kwenye hesabu yenu. Kama zimo, EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei za mafuta yanayoshushwa bandari ya Tanga zina orodha yake. Chukueni hiyo, msichukue ya Dar es Salaam.

Sasa kisima cha kwanza, kwa sababu ndicho kitakachowapandisha watu sauti. Mtaulizwa maswali mawili.

La kwanza: mtaalamu alipima, vipi hakujua kuna chumvi? Kipimo cha umeme wa ardhini kinaangalia jinsi ardhi inavyopitisha umeme. Mchanga wenye maji ya chumvi unapitisha vizuri. Udongo wa mfinyanzi nao unapitisha vizuri. Kwenye grafu vinaweza kufanana, na mahali pasipo kisima jirani cha kulinganishia mtaalamu anaweza kukosea bila uzembe. Lakini ulizeni ripoti yake ilisema nini. Kama aliandika tahadhari ya chumvi na kamati ikachagua pale kwa kuwa ni karibu na kijiji, basi uamuzi ni wa kamati na hilo nalo lisemwe.

La pili: kwa nini hamkuchimba chini zaidi? Hapa wengi hudhani kina ndiyo dawa. Pwani ni kinyume. Maji matamu ni mepesi, yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya ardhi. Kwa kila mita 1 ambayo maji matamu yamesimama juu ya usawa wa bahari, kuna takribani mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo kabla ya kufika kwenye chumvi. Yakisimama nusu mita tu, ni mita 20. Ukichimba zaidi unaikaribia chumvi, na ukivuta kwa nguvu unaipandisha: kushusha usawa wa maji kwa sentimita 10 kunaweza hatimaye kuinua chumvi kwa mita 4. Ndiyo maana mlikwenda bara mita 700, na ndiyo maana mita 700 za bomba na kisima cha pili ni sababu moja yenye mistari miwili. Waambieni jumla yake: chumvi imegharimu 16,790,000, yaani zaidi ya nusu ya nyongeza yote.

Msielezee hili kwa mdomo mtupu. Chukueni chupa mbili safi zisizo na lebo, moja ijazwe kisima cha kwanza, ya pili kisima kipya. Azimeni kile kipimo kidogo cha mkono cha chumvi kwa wataalamu wa maji wa wilaya, kitumbukizwe mbele ya mkutano na mtoto wa shule asome namba kwa sauti. Wazee waonje wenyewe kwenye kijiko. Kloridi, ile sehemu ya chumvi inayopimwa majini, ikipita miligramu 250 kwa lita ulimi wa kawaida huanza kuihisi. Kando ya chupa wekeni jiwe la matumbawe lililotoka mtaroni na kipande cha bomba. Wekeni na ripoti ya mchimbaji wa kila kisima inayoonyesha kina na tabaka za ardhi, ili asiyeamini mita 60 za kisima cha kwanza azione kwa maandishi.

Mtu mwema atapendekeza maji ya kisima cha chumvi yatumike kukorogea zege la mnara wa tangi, ili angalau kitu kiokolewe. Kataeni. Chumvi inakula nondo ndani ya zege, na mnara ulioshika lita 10,000, yaani tani 10 za maji, si mahali pa kubahatisha.

Mkishaeleza, ombeni uamuzi. Mkutano usioulizwa kitu huishia kwenye lawama. Mnazo njia tatu zenye bei. Kutafuta 22,950,000 na kumaliza yote. Kuahirisha kituo cha shule na bomba lake, pungufu ikabaki 18,300,000. Au kuahirisha pia vituo viwili vya mwisho, na ikabaki 14,700,000. Vituo vinaongezeka baadaye bila kubomoa kitu, mradi fundi aache viungio vilivyofungwa kwenye bomba kuu.

Kuna vitu visiguswe hata mkibanwa. Mtu atasema bomba la milimita 63 libadilishwe liwe la 50 kwa sababu ni rahisi zaidi. Kwa maji yaleyale, msuguano ndani ya bomba unapanda takribani mara tatu, na kituo cha mwisho kitatoa maji kwa kudondoka. Kupima uwezo wa kisima kwa kuvuta mfululizo saa 24 nako kusifutwe. Pwani ndicho kipimo kinachoonyesha kama chumvi inapanda, kwa hiyo pimeni chumvi kila saa wakati wa kuvuta, siyo mwanzoni tu. Na kwenye zile mita 600 za mwamba, bomba lilale juu ya mchanga wa angalau sentimita 10. Matumbawe ni makali kama kisu, na bomba lililolala juu yake hupasuka mtaro ukishafukiwa. Kama mchanga huo haumo katika ile 2,700,000, uongezeni sasa, kabla ya mkutano. Nyongeza ya pili baada ya mkutano itawavunjia heshima kuliko hii ya kwanza.

Vijana wa Oman na mfadhili wapate karatasi ileile, ukurasa mmoja, siku ileile kabla ya mkutano. Picha moja ya simu ikiwafikia kabla ya karatasi hiyo, wao ndio watakaopiga simu nyumbani kuuliza, na majibu watapewa na wasiojua.

SWALI: SACCOS yetu ya Bagamoyo iliidhinisha shilingi 24,000,000 kwa mfumo wa kompyuta wa akiba na mikopo. Tumefika 41,000,000. Wanachama wamechachamaa, na mwenyekiti anataka kuuambia mkutano mkuu kwamba mtengenezaji katudanganya. Mimi ndiye mhasibu. Naogopa.
*Msomaji, Dunda*

JIBU: Dada yetu, usimwache mwenyekiti aseme hivyo kabla hamjafungua mkataba. Kwa ankara ulizotuma, deni kubwa la maelezo liko kwenu.

Bei ya 24,000,000 iliandikwa "bila VAT", yaani bila kodi ya ongezeko la thamani, mstari wa mwisho wa nukuu ya bei. Asilimia 18 ni 4,320,000. Fedha hiyo haikuzidi popote, ilisahauliwa siku ya kuidhinisha, kwa hiyo bajeti ya kweli ilikuwa 28,320,000 tangu mwanzo. Kuunganisha malipo ya simu, 5,900,000 pamoja na VAT, hakukuwemo katika maelezo ya kazi. Bodi iliomba miezi minne baadaye. Ni kazi mpya, na kwa kweli ni nzuri, lakini ilihitaji kurudi kwa wanachama.

Halafu kuna 2,200,000 ya vibarua wa kuingiza taarifa. Hiyo watu huisahau karibu kila mara. Mna wanachama 1,850. Kuhamisha kitabu cha mwanachama mmoja kutoka daftari, kulinganisha salio na kusahihisha majina, ni kama dakika 25. Zidisha: saa zipatazo 770, siku 110 za kazi ya mtu mmoja kwa saa 7 kwa siku, kwa 20,000 kwa siku. Hesabu hiyo ingeweza kufanywa kabla ya kusaini, nyuma ya bahasha. Itolee maelezo kama makadirio yaliyosahaulika.

Zinabaki 4,580,000 za seva, leseni na ujumbe mfupi kwa mwaka wa kwanza. Hizi si za kutengeneza mfumo. Ni za kuuendesha, na zitarudi mwaka ujao na mwaka unaofuata. Zitoe kabisa kwenye hesabu ya mradi, uziweke kwenye bajeti ya uendeshaji, na uwaambie wanachama waziwazi kwamba ni za kila mwaka. Ukizichanganya, leo mradi unaonekana umezidi sana, na mwakani mtu atauliza kwa nini mnalipia tena kitu kilichokwisha.

Ukipanga hivyo, utaona mtengenezaji hajapandisha bei yake ya kwanza hata shilingi moja. Mpe mwenyekiti karatasi hiyo faraghani, siku tatu kabla, akae nayo. Akisimama nayo yeye mwenyewe mbele ya mkutano ni bora kuliko wewe kumsahihisha hadharani. Na chukua nukuu ya kwanza, ile yenye mstari wa VAT, uiweke kwenye faili unaloingia nalo.

SWALI: Dharura iwe asilimia ngapi? Chuoni tumefundishwa kumi.
*Mwanafunzi wa ufundi, Ngamiani*

JIBU: Kumi juu ya kila kitu inapunja chini ya ardhi na inazidisha juu yake. Chukua mradi wa Muheza hapo juu, ambao bila dharura ulikuwa 81,000,000. Mnara na vituo, 23,930,000, kazi inayoonekana kwa macho: asilimia 5 inatosha, 1,196,500. Bomba 22,800,000 kwa asilimia 10, 2,280,000. Vifaa vinavyonunuliwa kwa dola, 20,970,000, asilimia 10 kwa ajili ya kiwango cha kubadilishia, 2,097,000. Kisima pwani usikipe asilimia kabisa. Kipe gharama ya kisima kimoja kizima cha pili, 10,800,000, kwa sababu kisima hakikosi kwa robo, kinakosa chote. Jumla inakuja kama milioni 16.4.

Wao walitenga 5. Hata 16.4 isingefunika yote: ukitoa kituo cha shule, mahitaji yao yalikuwa 23,300,000. Lakini wangekwenda kwenye mkutano kuomba milioni saba na si kumi na nane. Na kila fungu la dharura liandikie ni la nini, la sivyo la kisima litajengea uzio.

SWALI: Tunajenga chumba cha ubaridi cha samaki, bajeti 40,000,000. Tumelipa 26,000,000. Mweka hazina anasema tuna 14,000,000, tusiwashtue wanachama mpaka kazi iishe. Ni sawa?
*Mvuvi, Pangani*

JIBU: Si sawa, kaka, na hiyo 14,000,000 haipo. Umetuambia mtambo wa kupoozea umeagizwa kwa 9,500,000 na oda imesainiwa. Hiyo imeshatoka hata kama bado iko benki. Fundi wa kuta ana ankara ya 3,000,000 haijalipwa. Iliyo huru ni 1,500,000. Kazi iliyobaki, mlango, umeme na jenereta ya akiba, mmeikadiria 6,000,000. Mmepungukiwa 4,500,000 leo hii.

Waambieni wiki hii, wakati bado kuna la kuchagua. Sasa hivi jenereta inaweza kukodishwa kwa msimu mmoja badala ya kununuliwa, au oda ya mtambo ikajadiliwa upya kabla haujapakiwa. Mlango usipunguzwe: ukinunuliwa mwepesi wa kawaida, ubaridi unavuja usiku kucha, mtambo haupumziki, na bili ya umeme ya kila mwezi itawatoza mlichookoa. Na kila mwisho wa mwezi mweka hazina asomee kamati namba nne: iliyolipwa, iliyosainiwa, inayodaiwa, na ya kumalizia. Azijumlishe mbele yao, kisha aitaje bajeti.